Kompyuta inavyosema: ugumu hauko kwenye sauti, uko kwenye yasiyoandikwa

MTU asiyeona anayesomewa gazeti na kompyuta yake, mteja anayepiga simu kuulizia salio lake, dereva anayeelekezwa njia na simu aliyoitundika mbele ya usukani, wote watatu wanasikia kitu kimoja: maandishi yaliyogeuzwa kuwa maneno na mashine. Mara nyingi hakuna mtu aliyekaa studio akaisema sentensi ile. Imeundwa papo hapo, pengine kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu hakuna awezaye kurekodi mapema salio la kila mteja wala kila kona ya kila mji.

Wataalamu wa lugha na kompyuta huiita kazi hiyo usanisi wa sauti. Kwa anayeitazama juujuu, ni jambo jepesi: herufi zipo, kila herufi ina sauti yake, kilichobaki ni kuzitoa moja baada ya nyingine. Na Kiswahili, ambacho huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kingepaswa kuwa miongoni mwa lugha rahisi kuliko zote kwa mashine. Hata hivyo, dhana hiyo huvunjika mara tu kompyuta inapokutana na sentensi ya kawaida ya kila siku.

Ichukuliwe bahasha ya dawa yenye maelezo haya: "Vidonge 2, mara 3 kwa siku, kwa siku 5." Mtoto wa darasa la nne ataisoma bila kusita: vidonge viwili, mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Lakini kwenye bahasha hakuna mahali palipoandikwa "viwili". Ipo tarakimu tu. Mtoto ameitazama nomino iliyotangulia, ametambua ngeli yake na kuchagua kiambishi kinachostahili, na amefanya yote hayo bila kujua kwamba amefanya kazi. Tarakimu hiyohiyo itakuwa wawili wakiwa wagonjwa, mawili yakiwa magari, miwili ikiwa miezi na mbili zikiwa siku. Kanuni nayo ina mipaka yake: moja hadi tano pamoja na nane hufuata ngeli, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazifuati, kisha upatanisho unarudi tena katika "watu kumi na wawili". Kompyuta haijui lolote kati ya hayo mpaka ifundishwe.

Kusoma kabla ya kutamka

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya mfumo wowote wa kusema haihusu sauti kabisa. Ni kuyafumbua maandishi, yaani kugeuza kila tarakimu, kifupisho na alama kuwa maneno kamili ambayo binadamu angeyatamka.

Magazeti yenyewe ni shule nzuri ya tatizo hili. Katika ukurasa wa siasa, "Dk." ni Daktari, katika ukurasa wa michezo, "dk. 89" ni dakika. "Km" ni kilomita katika habari ya ujenzi wa barabara, na ni "kwa mfano" katika kitabu cha sarufi. "Papa Yohane Paulo II" husomwa wa Pili na "Darasa la VII" husomwa la saba, ingawa machoni pa mashine II na VII ni herufi tupu. Ushindi wa mabao 2-1 si "mbili kutoa moja". Namba ya simu inayoanza na 0754 haisomwi mia saba hamsini na nne. Mwaka 1964, msomaji mmoja atausema kwa ukamilifu wake, elfu moja mia tisa sitini na nne, na mwingine atasema sitini na nne tu, na wote wawili watakuwa sahihi mahali pake.

Pengine hakuna mtego mkubwa kwa Kiswahili kama saa. Saa iliyomo ndani ya kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mswahili huhesabu kuanzia kupambazuka na kuanzia kuchwa kwa jua. Saa 07:00 ya kompyuta ni saa moja asubuhi, na 19:30 ni saa moja na nusu usiku. Mfumo uliotafsiriwa kutoka Kiingereza bila mtu kuufikiria utatangaza "saa saba asubuhi", wakati ambao haupo katika siku ya Mswahili, na angalau hapo msikilizaji atashtuka. Hatari zaidi ni pale neno "asubuhi" linapoachwa. Msikilizaji atapata taarifa iliyo wazi, yenye matamshi mazuri, na iliyokosea kwa saa sita. Abiria wa basi la alfajiri atafika kituoni mchana. Mgonjwa atameza mchana dawa aliyotakiwa kuimeza alipoamka. Utamu wa sauti hautamsaidia yeyote kati yao.

Maandishi yakishafumbuliwa, hufuata matamshi. Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na nafuu. Mashine ya Kiingereza hulazimika kubeba kamusi ya makumi ya maelfu ya maneno na matamshi yake, kwa sababu tahajia ya lugha hiyo haiaminiki. Ya Kiswahili huweza kufika mbali kwa kanuni chache, ikiwamo ile inayoweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini nafuu si msamaha. Neno "mbuni" likiwa na maana ya ndege yule mkubwa asiyeruka, lina silabi mbili. Likiwa na maana ya mti wa kahawa, lina silabi tatu, kwa kuwa "m" yake husimama peke yake. Herufi ni zilezile. "Barabara" ya kupita magari ina mkazo kwenye "ra" iliyo ya pili kutoka mwisho. "Barabara" ya kumaanisha sawasawa huurudisha mkazo nyuma silabi moja. Nayo alama ndogo ya ritifaa katika "ng'ombe", ambayo waandishi wengi wa ujumbe wa simu huiacha kwa haraka, ndiyo pekee inayoizuia mashine kumpa mnyama huyo "g" ngumu isiyo yake.

Halafu yapo majina ya kigeni. Sauti iliyofundishwa Kiswahili safi hukutana na jina la Chelsea au Liverpool na kulisoma kwa uaminifu wote wa kanuni zake, silabi kwa silabi, na matokeo yake huwachekesha mashabiki wa mpira kuliko mtani yeyote. Wahandisi hulazimika kuongeza orodha ya majina hayo kwa mkono, au kuufundisha mfumo kutambua kwamba neno limetoka lugha nyingine.

Kisha kuna jambo ambalo halikuandikwa kabisa: kiimbo. "Baba amerudi" na "Baba amerudi?" hutofautiana kwa alama moja ya mwisho, ambayo mashine inapaswa kuiona mapema ili ijue jinsi ya kuipandisha au kuishusha sauti. Na sentensi "Juma hakumpiga mtoto" hubeba maana moja mkazo wa msemaji ukiangukia "Juma" na nyingine ukiangukia "mtoto". Maandishi hayasemi ni ipi. Kiswahili kimebahatika kutokuwa na toni za kutofautisha maneno. Majirani zake wengi wa Kibantu, kama Kisukuma, Kihaya na Kikuyu, wanazo, na kwa kawaida haziandikwi. Mashine ya kuzisoma lugha hizo hulazimika kukisia wimbo wa karibu kila neno.

Kutoka mivukuto hadi hesabu

Wazo la mashine inayosema lilitangulia umeme. Wolfgang von Kempelen, ofisa wa serikali ya kifalme ya Austria aliyezaliwa Pressburg, mji ambao leo unaitwa Bratislava, alianza majaribio yake mwaka 1769, na mwaka 1791 alichapisha kitabu kilichoeleza ujenzi wake kwa michoro. Mivukuto ilikuwa mapafu, ulimi mwembamba wa zumari ulikuwa nyuzi za sauti, na kinywa kilikuwa mdomo wa mpira ambao fundi aliufunika na kuufunua kwa kiganja. Mashine hiyo iliweza kutamka maneno na vifungu vifupi. Kempelen huyohuyo ndiye aliyeitembeza "Mturuki", sanamu ya kucheza sataranji ambayo ndani yake alijificha mchezaji wa kweli, hivyo si ajabu kwamba kulikuwa na walioishuku mashine ya kusema kuwa mazingaombwe mengine. Haikuwa hivyo.

Kanuni aliyoikamata ingali msingi wa elimu hii. Nyuzi za sauti zilizo kooni hutoa mlio tu, zikitetemeka mara 100 na zaidi kidogo kwa sekunde kwa mwanamume, na mara 200 hivi kwa mwanamke. Kinywa, ulimi na midomo huuchuja mlio huo, na mchujo ndio unaoifanya "a" iwe "a" na "i" iwe "i". Yeyote anaweza kulithibitisha hilo kwa kuimba noti moja ndefu huku akipita irabu zote tano: kooni hakuna kilichobadilika, kinachosogea ni kinywa.

Umeme ulipoingia, mivukuto ilibadilishwa kuwa saketi. Mwaka 1939, katika maonyesho ya dunia ya New York, maabara za Bell ziliwaonyesha watu Voder, mashine ya Homer Dudley iliyopigwa kama kinanda. Vidole kumi viliendesha vichujio, kifundo cha mkono kilichagua kati ya mlio na mvumo, na mguu ulipandisha na kushusha sauti. Wanawake waliokuwa waendesha mitambo ya simu ndio waliofundishwa kuipiga, na ilichukua takribani mwaka mzima kabla ya msemeshaji kuweza kujibu maswali ya watazamaji. Mashine ilikuwa na sauti, ila lugha yote ilikuwa bado kichwani mwa mwanamke aliyeketi nyuma yake.

Mwaka 1961 maabara hizohizo ziliifanya kompyuta ya IBM iimbe wimbo wa zamani wa Kiingereza, "Daisy Bell". Mwandishi Arthur C. Clarke aliusikia, na ndiyo maana kompyuta ya filamu "2001: A Space Odyssey", iliyotoka mwaka 1968, huimba wimbo huo inapozimwa.

Aliyeipa elimu hii umbo lililowafikia watu wa kawaida ni Dennis Klatt wa chuo cha MIT, Marekani. Yeye hakurekodi maneno. Aliandika kanuni za hesabu zilizoeleza jinsi milio inavyochujwa kwa kila sauti ya lugha, na kompyuta ikazifuata. Mfumo uliotokana na kazi yake, DECtalk, uliingia sokoni mwaka 1984 ukiwa na sauti kadhaa, na ile kuu, aliyoiita Paul, aliijenga kwa kupima sauti yake mwenyewe. Katika miaka hiyo sauti ya Klatt ilikuwa ikiharibika kwa maradhi ya saratani ya tezi ya shingo. Alifariki mwaka 1988.

Sauti iliyotokana na kazi hiyo ndiyo dunia iliyoijua kama sauti ya Stephen Hawking. Mwanafizikia huyo wa Uingereza alipoteza uwezo wa kusema mwaka 1985, alipopasuliwa koo ili apumue baada ya kuugua nimonia. Miaka ilipita, sauti bora zaidi zikapatikana, naye akakataa kubadili. Ilikuwa na lafudhi ya Kimarekani, tena ya kimashine, lakini ilikwisha kuwa yake. Mitambo ya zamani ilipokaribia kufa, wahandisi waliigeza kwa programu ili sauti isipotee, kazi iliyokamilika mwanzoni mwa mwaka 2018, miezi michache tu kabla ya kifo chake Machi 14 mwaka huo.

Njia ya pili ilikuwa kurekodi na kuunganisha. Huduma ya kutaja saa kwa simu ilianza Uingereza mwaka 1936 kwa sauti ya mwanamke mmoja aliyerekodiwa kwenye diski za kioo, na mtambo ukaunganisha vipande vya saa, dakika na sekunde. Kwa orodha fupi ya maneno, njia hiyo inatosha. Kwa lugha nzima, kipande kinapaswa kuwa kidogo kuliko neno. Wataalamu walikata sauti katikati ya herufi moja hadi katikati ya inayofuata, kwa sababu kiungo kati ya sauti mbili ndipo ulimi unapohama na ndipo sikio linapogundua udanganyifu. Lugha yenye sauti 40 ina viungo visivyozidi 1,600, na hivyo vyaweza kurekodiwa katika siku chache. Baadaye, kumbukumbu za kompyuta zilipokuwa nafuu, ilirekodiwa saa baada ya saa ya usomaji, na programu ikawa inatafuta ndani ya ghala hilo kipande kinachofaa zaidi kwa kila mahali.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana sauti ya kwanza ya Siri nchini Marekani. Susan Bennett, msomaji wa matangazo, ameeleza kwamba Julai 2005 alisoma kwa mwezi mzima, saa nne kwa siku, sentensi nyingi zisizo na maana yoyote, zilizotungwa ili tu kukusanya viungo vya sauti. Hakuambiwa zitatumika wapi. Aliijua sauti yake mwaka 2011, simu mpya ya Apple ilipotoka. Kampuni hiyo haikuthibitisha kwamba ndiye.

Mageuzi ya tatu yana tarehe. Septemba 2016, kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza WaveNet, mtandao wa neva bandia ambao haukuunganisha vipande wala kufuata kanuni za Klatt. Ulisikilizishwa saa nyingi za watu wakisoma, kisha ukawa unabashiri wimbi la sauti nukta kwa nukta, nukta 16,000 kwa kila sekunde, kila moja ikitegemea zilizoitangulia. Matokeo yake yalikuwa na pumzi na miguno midogo ya kinywa ambayo hakuna aliyeuagiza mtandao kuitoa. Mwanzoni ulikuwa mzito mno kwa matumizi ya kila siku. Mwaka uliofuata ukaongezewa kasi mara 1,000 na kuanza kutumika kwa umma.

Nani huchagua maneno

Kusema vizuri si sawa na kuwa na la kusema. Kwa miaka mingi, maneno ya mashine yalitungwa na mtu kama fomu yenye nafasi za kujaza: "Salio lako ni shilingi" kisha tarakimu. Njia hiyo ni salama, kwani mashine haiwezi kusema asichokiandika mtunzi. Kwa Kiswahili, hata hivyo, fomu zilizotungwa kwa fikra za Kiingereza hupwaya. Kwa Mwingereza, ujumbe mmoja na jumbe tatu hutofautiana kwa herufi moja mwishoni mwa nomino. Kwa Mswahili hubadilika nomino yenyewe pamoja na namba inayoifuata, na ndiyo sababu wateja huambiwa "una 1 ujumbe" kwa sauti nyororo isiyojua aibu.

Mifumo ya akili mnemba ya miaka ya karibuni imeziacha fomu hizo. Hutunga sentensi kipande kwa kipande, kila kipande kikichaguliwa kwa kukadiria kinachoelekea kufuata, kulingana na wingi wa maandishi iliyofunzwa. Huulizwa lolote na hujibu lolote. Shida ni kwamba hujibu kwa ufasaha uleule yaliyo kweli na yasiyo kweli, na sauti ya kibinadamu huongeza uzito ambao maandishi peke yake hayakuwa nao. Mtu husita kidogo asipokuwa na hakika. Mashine haisiti isipotakiwa.

Kasi nayo imekaribia ya binadamu. Utafiti wa lugha kumi za mabara mbalimbali uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu wanaozungumza huachiana nafasi ya sehemu ya tano ya sekunde hivi kati ya swali na jibu. Mei 2024 kampuni ya OpenAI ilitangaza mfumo wa mazungumzo wenye wastani wa theluthi moja ya sekunde, ilhali ule uliotangulia ulichukua sekunde kadhaa, kwa kuwa ulipaswa kwanza kugeuza sauti kuwa maandishi, kutunga jibu, na kuligeuza tena kuwa sauti.

Sauti za Kiswahili

Mtandao wa neva hautoi zaidi ya ulicholishwa, na Kiswahili kilichelewa kufika mezani. Kazi ya mwanzo iliyo muhimu ilifanyika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako Mucemi Gakuru na wenzake waliwasilisha mwaka 2005 mfumo wa kusoma Kiswahili, uliojengwa juu ya Festival, programu huria ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Ulitumia njia ya kuunganisha vipande.

Mwaka 2021 Microsoft iliongeza katika huduma zake sauti nne za Kiswahili zilizotengenezwa kwa mitandao ya neva: Zuri na Rafiki kwa Kenya, Rehema na Daudi kwa Tanzania. Kuzitenga nchi hizo mbili ilikuwa hatua ya busara, maana sikio la Dar es Salaam humtambua wa Nairobi kabla hajamaliza salamu. Lakini msemaji wa Pemba, wa Mombasa au wa Lubumbashi hakuisikia lafudhi yake katika sauti hizo nne. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitoa mifumo ya kutamka zaidi ya lugha 1,100, ambayo kwa sehemu kubwa ilifunzwa kwa rekodi za Agano Jipya, kitabu ambacho kimesomwa kwa sauti katika lugha nyingi kuliko kingine chochote kinachopatikana kwa urahisi. Ni njia ya werevu. Ila anayejifunza kusema kwa kusikiliza maandiko matakatifu pekee atatangaza bei ya nyanya kwa unyenyekevu wa ibada.

Sauti ya mtu kama mali

Ustadi uleule umeleta hofu mpya. Mei 2018 Google ilionyesha hadharani programu ya Duplex ikipiga simu kwenye saluni kuomba nafasi ya mteja, ikiguna "mm-hmm" katikati kama mtu. Watazamaji walishangilia, siku chache baadaye kampuni ililazimika kuahidi kwamba mashine itajitambulisha. Mwaka uliofuata iliripotiwa kwamba mkuu wa kampuni moja ya nishati ya Uingereza alituma euro 220,000 baada ya kupigiwa simu na sauti aliyoamini ni ya bosi wake wa Ujerumani. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walieleza mfumo uliohitaji sekunde tatu tu za sauti ya mtu ili kumwiga. Na Januari 2024, wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipokea simu za sauti iliyofanana na ya Rais Joe Biden ikiwataka wasijitokeze kwenye uchaguzi wa awali. Mwezi uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilitamka kwamba sauti za kubuniwa katika simu za namna hiyo ni kinyume cha sheria kama mpokeaji hajaridhia, na mshauri wa siasa aliyehusika akatozwa faini ya dola milioni 6.

Kinga iliyo karibu na mtu wa kawaida haihitaji mtambo: anayepigiwa simu na sauti ya ndugu akiombwa fedha za haraka, akate, kisha apige mwenyewe kwa namba anayoijua. Familia nyingine hukubaliana neno la siri.

Wasiotaka sauti tamu

Kati ya wasikilizaji wote wa mashine hizi, wazoefu zaidi ni wasioona, na inashangaza kwamba wengi wao hawana haja ya sauti inayofanana na binadamu. Kwao kusikiliza ndiko kusoma, na msomaji mzuri hupenda kwenda haraka. Wapo wanaoisikiliza kompyuta kwa kasi mara mbili, mara tatu na zaidi ya mazungumzo ya kawaida, kiasi kwamba aliyeketi kando husikia mchakacho tu. Kwa kasi hiyo, sauti za kibinadamu huchanganyika. Zile kavu, zinazofuata kanuni za aina ya Klatt, hubaki wazi kila konsonanti mahali pake.

Ndiyo maana eSpeak, programu huria iliyoanzishwa na Mwingereza Jonathan Duddington katika miaka ya 1990, haijafa. Huambatana na NVDA, kisomaji skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, na hutamka lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Yote ni megabaiti chache, haihitaji intaneti, na huenda kwenye kompyuta chakavu ambayo mtandao wa neva usingeweza hata kuamka ndani yake. Kwa mwanafunzi asiyeona anayetegemea kompyuta kuukuu ya shule, hiyo ndiyo tofauti kati ya kusoma na kutosoma.

Sauti yake ni ya bati, na Kiswahili chake kina kasoro ambazo mzawa huzisikia mara moja. Lakini kanuni zake za matamshi hazikufungiwa ndani ya mtandao wa hesabu usiosomeka. Zimeandikwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida: herufi hii ikifuatwa na ile, tamka hivi, neno hili halifuati kanuni, litamke hivi. Mafaili hayo yako wazi kwa yeyote. Anayesikia mashine ikikosea jina la kijiji chake anaweza kuyafungua, akaongeza mstari mmoja, na kuupeleka kwa wanaoitunza programu ili uingie katika toleo linalofuata.